Watu wawili chumbani: kuzisikia upya santuri za mwanzo za Michael Nesmith

Mjomba wangu alikuwa dereva wa lori kati ya Nakuru na Malaba, na nyumbani kwake muziki wa Jumapili haukuwa na mjadala. Ulikuwa Jim Reeves. Alipigwa asubuhi tukivaa nguo za kanisani, akapigwa mchana tukisubiri nyama iive, akapigwa tena jioni mjomba akipanga karatasi zake za safari. Wageni wanaokuja kwetu Bonde la Ufa hushangaa kukuta wazee wanaozijua kwa moyo nyimbo za kantri za Marekani. Sisi hatukushangaa kamwe. Nyimbo zile zilizungumza habari za barabara ndefu, mifugo, mama aliyeachwa kijijini, na Mungu, na hizo zilikuwa habari zetu.

Kwa hiyo siku nilipomwekea mjomba albamu ya Mmarekani Michael Nesmith, miaka mingi baadaye, nilijua hatanifukuza sebuleni. Alisikiliza wimbo wa kwanza hadi mwisho, kimya, mikono juu ya magoti. Akasikiliza wa pili. Ndipo akauliza, "Huyu mwingine anayeimba naye ni nani?"

Nikamwambia hakuna mwingine, mjomba. Ni mtu mmoja anayeimba na gitaa lake, na mwenzake amekaa kando anapiga gitaa la stili.

"Basi ndiye huyo ninayemuuliza," akasema.

Nimesoma mengi kuhusu albamu ile, na bado naona swali la mjomba lilifika pale ambapo wengi hawakufika. Makala hii ni jaribio langu la kulijibu vizuri kuliko nilivyolijibu siku ile.

Michael Nesmith alifariki California tarehe 10 Desemba 2021, akiwa na umri wa miaka 78. Taarifa nyingi za kifo chake zilimtaja kwanza kama mmoja wa The Monkees, ile bendi ya kipindi cha televisheni, yule mrefu mwenye kofia ya sufu. Ni kweli alikuwa huyo. Lakini kati ya 1970 na 1973 alitoa albamu sita za kantri na roki kupitia RCA, lebo ileile iliyomtoa Jim Reeves, na kwa maoni yangu hizo sita ni miongoni mwa kazi bora kabisa za muziki huo. Ziliuzwa kidogo. Zikaacha kuchapwa, zikawa mali ya watu wachache wanaochakura masanduku ya santuri zilizotumika. Mwaka 1991 kampuni ya Rhino ilitoa mkusanyiko wa baadhi ya nyimbo zake za kipindi hicho, na kuelekea na kupita mwaka 2000 albamu zote sita zikarudi, mbili mbili kwenye CD moja.

Mimi nilikutana nazo kwenye CD hizo. Nilikuwa mwanafunzi kaskazini mwa Uingereza, majira ya baridi, na nilikuwa nimeingia kwenye duka la santuri ili vidole vipate joto. Muuzaji alikuwa ameweka wimbo wa taratibu ambao mwimbaji alilitaja jina la mwanamke kwa kuipandisha sauti ghafla hadi ile nyembamba, kisha akaishusha kwa upole kama mtu anayemlaza mtoto. Nyuma yake kulikuwa na kitu kikilia. Nilisimama katikati ya duka nikaukumbuka mlango wa nyumba ya mjomba. Wimbo ulikuwa "Joanne". Nilitoka nimeinunua, na wiki ile nilikula mkate na chai.

Kabla sijaenda mbali, lazima nizungumze kuhusu The Monkees, maana jina hilo ndilo lililozifunga albamu hizi mlango.

Septemba 1965 tangazo lilitoka kwenye magazeti ya watu wa filamu ya Hollywood likitafuta vijana wanne wa kuigiza katika mfululizo wa televisheni kuhusu bendi. Waliopatikana ni Micky Dolenz, Davy Jones, Peter Tork na Nesmith. Nesmith alizaliwa Houston, Texas, akakulia Dallas, na wakati huo alikuwa Los Angeles akiandika nyimbo na kuongoza usiku wa wanamuziki chipukizi katika klabu ya Troubadour. Maana yake alikuwa mwanamuziki kabla ya kuajiriwa kuigiza mwanamuziki. Kipindi kilianza kuonyeshwa Septemba 1966 na kikawafanya wanne hao wajulikane nchi nzima kwa wiki chache. Nyimbo ziliandikwa zaidi na watunzi wa kulipwa, zikapigwa na wanamuziki wa studio, na wao wakaingia kuimba.

Umma ulipogundua hivyo ulikasirika, na hasira yake ikawaangukia vijana wanne badala ya waliopanga mambo. Inauma zaidi ukijua kwamba Nesmith mwenyewe ndiye aliyepiga kelele kwanza. Aliwaambia waandishi wa habari kwamba hawapigi ala kwenye santuri zinazouzwa kwa jina lao. Mapema mwaka 1967, kwenye mkutano hotelini Beverly Hills, alipandwa na ghadhabu akapiga ngumi ukuta hadi ukatoboka. Walishinda. Albamu yao Headquarters ya mwaka huo waliipiga wenyewe kwa sehemu kubwa, ikashika namba moja Marekani kwa wiki moja kabla Sgt. Pepper ya The Beatles haijaiondoa.

Na hata kabla ya ushindi huo, kantri ilikuwa imeshaingia. Sikiliza "Papa Gene's Blues" kwenye albamu ya kwanza kabisa ya 1966. Ni wimbo wa Nesmith, na miongoni mwa wapiga gitaa aliowaita studio walikuwamo James Burton na Glen Campbell. Mtoto wa Texas alikuwa akipenyeza muziki wa kwao ndani ya kipindi cha vichekesho cha watoto, wimbo mmoja mmoja, na karibu hakuna aliyetambua.

Mwaka 1968, mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni, alienda Nashville akarekodi na wanamuziki wa huko nyimbo kadhaa, ukiwamo "Listen to the Band". Miezi michache kabla yake bendi ya roki ya The Byrds walikuwa wamefika mji huohuo kurekodi Sweetheart of the Rodeo, albamu ambayo vitabu vingi vinaihesabu kuwa chimbuko la kantri-roki. The Byrds walistahili sifa hiyo. Ila ninapozipanga tarehe hizi mezani naona watu wawili waliokuwa wakichimba kisima kimoja kutoka pande mbili, na mmoja akaambiwa hawezi kuwa mchimbaji kwa sababu alishaonekana televisheni.

Kuna kisa kimoja kinachopendwa sana na waandishi, cha mama yake, nami nitakigusa nipite. Bette Nesmith alikuwa katibu wa benki Dallas aliyemlea mwanawe peke yake. Alibuni ile rangi nyeupe ya kufutia makosa ya taipu, Liquid Paper, na Michael na rafiki zake walikuwa wakijaza chupa kwenye gereji ya nyumbani. Mwaka 1979 aliiuza kampuni kwa Gillette kwa dola milioni 47.5. Ni kisa kizuri, na yule mama alikuwa mtu wa ajabu. Lakini nimesoma makala zinazoipa chupa ile aya tano na albamu zote sita sentensi moja.

Nesmith aliondoka The Monkees mwaka 1970. Mkataba wake ulikuwa bado haujaisha, akalazimika kulipa fedha nyingi ili aachiliwe. Akamchukua rafiki yake wa tangu Texas, John London, apige besi. Akamchukua John Ware apige ngoma. Na akamchukua mtu aliyemzidi umri kwa miaka kumi na miwili, Orville Rhodes, aliyeitwa Red, aliyekuwa akipiga gitaa la stili kwenye bendi ya klabu ya Palomino, North Hollywood. Bendi ikaitwa The First National Band.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuliona gitaa hili: halibebwi begani. Limelazwa juu ya miguu yake lenyewe kama meza nyembamba, na mpigaji ameketi mbele yake kama fundi cherehani. Mkono wa kushoto unashika kipande cha chuma kilichosuguliwa na kukiteleza juu ya nyuzi, kwa hiyo sauti haikatwi kutoka noti hadi noti, inateleza. Mkono wa kulia unadonoa. Chini kuna pedali, tena ni kama za cherehani, na pembeni ya magoti kuna vyuma vingine vya kusukuma. Kila kimoja kinakaza au kulegeza uzi fulani wakati nyuzi nyingine zimetulia. Hapo ndipo kilio kinapotoka: katika sauti tatu zinazolia pamoja, moja inaondoka taratibu kwenda mahali pengine na mbili zinaiangalia ikienda. Wazo la kutelezesha chuma lilitoka Hawaii. Pedali ziliongezwa baadaye, na kilichowafanya wapigaji wote wazitamani ni "Slowly" wa Webb Pierce, uliovuma mwaka 1954, ambapo Bud Isaacs alikanyaga pedali huku noti ingali hewani.

Wapigaji wengi wa stili hungoja mwimbaji amalize mstari, ndipo wajaze pengo. Ni kazi yenye heshima. Fidla ya taarabu hufanya vivyo hivyo, na mtu akiifanya vizuri roho inaburudika. Rhodes alifanya hayo, kisha akafanya zaidi. Aliingia ndani ya mstari wenyewe. Nesmith akishikilia neno, Rhodes hupita chini yake akatokea upande wa pili, na unapolisikia neno linalofuata unakuta njia imeshafunguliwa. Mwimbaji anayepigiwa hivyo hawezi kuimba kama mtu aliye peke yake. Anaanza kuacha nafasi. Anaanza kungoja jibu.

Albamu ya kwanza, Magnetic South, ilitoka 1970 chini ya usimamizi wa Felton Jarvis, aliyekuwa prodyuza wa Elvis Presley. Nyimbo zake kadhaa, kama "Calico Girlfriend", "Nine Times Blue", "The Crippled Lion" na "Hollywood", Nesmith alikuwa amezirekodi akiwa bado The Monkees zikabaki kabatini. Zisikilize sasa na utaelewa zilikuwa zikingoja nini. "Nine Times Blue" ni wimbo mfupi wa mtu anayeomba msamaha bila kujitetea. "The Crippled Lion" una maneno mazito, karibu mazito kupita kiasi, na kama ungepigwa na bendi ya majigambo ungeanguka; stili inaubeba kwa chini hadi mwisho. Kisha "Joanne", uliofika namba 21 kwenye chati ya Billboard, na hakuna wimbo wake mwingine wa miaka hiyo uliopanda zaidi ya hapo.

Albamu inamalizika na nyimbo mbili za zamani. Mmojawapo ni "The One Rose", ambao Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa zamani, alikuwa ameuimba, na nitarudi kwenye jina hilo baadaye kwa sababu linanihusu.

Loose Salute ilifuata mwaka huohuo. Inafunguliwa na "Silver Moon", wimbo wenye mwendo wa visiwani unaokufanya utikise bega kabla hujajua unasikiliza nini. Ulifika namba 42. Humo pia ameurudia "I Fall to Pieces", kibao cha Patsy Cline cha 1961, na "Listen to the Band" uliokwisha kutolewa na The Monkees. Ni albamu yenye furaha, na wale ambao hawana mazoea na kantri nawashauri waanzie hapo.

Nevada Fighter ya 1971 ni kisa cha nyumba inayovunjika huku chakula kikiwa mezani. Bendi ilisambaratika kabla kazi haijaisha, na upande wa pili wa santuri ukakamilishwa na wanamuziki wa kukodi: James Burton, Glen D. Hardin, Ron Tutt, watu waliokuwa wakimpigia Elvis, na Joe Osborn kwenye besi. Upande wa kwanza una nyimbo za Nesmith, na "Propinquity" umo humo. Huo ni wimbo wa mtu aliyezoeana na mwanamke kwa miaka bila kuona kwamba anampenda. Nimewahi kuupiga mara nne mfululizo nikiwa ndani ya basi la usiku, na kila mara ubeti wa mwisho ulinikuta sijajiandaa. Upande wa pili ni nyimbo za wengine. Na mwisho kabisa, baada ya bendi kwenda zake, anabaki Red Rhodes na kipande chake kisicho na maneno, "Rene". Ni kifupi mno. Mjomba alipokisikia alisema mtu huyu anafunga duka. Ndivyo kilivyo: hatua za mtu anayezunguka akizima taa, chumba baada ya chumba, bila haraka.

Tantamount to Treason ya 1972 sitaitetea yote. Bendi ilikuwa mpya, isipokuwa Rhodes, na kuna sehemu ambapo vitu vimerundikwa juu ya vitu hadi wimbo unakosa hewa. Lakini "She Thinks I Still Care", ambao George Jones aliufanya maarufu, wameupiga kwa unyenyekevu unaogusa.

Sasa nimefika pale nilipotaka.

Mwaka huohuo wa 1972 Nesmith aliingia studio kutengeneza albamu ya tano. Hakukuwa na bendi. Hakukuwa na ngoma, hakukuwa na besi, hakukuwa na waitikiaji. Alikuwa na gitaa la kawaida na sauti yake, na Red Rhodes alikuwa na stili yake. Kampuni ilitaka vibao vya kupanda chati, na yeye akaipa kazi hiyo jina And the Hits Just Keep On Comin', yaani vibao havikomi kuja, akawapelekea watu wawili chumbani.

Mara nyingi nimejiuliza kwa nini albamu hii haichoshi. Kwenye karatasi ingetakiwa kuchosha: nyimbo nyingi za mwendo wa kati, ala mbili, hakuna kinachobadilika. Jibu langu ni kwamba kila kitu kinabadilika, ila kwa kipimo cha mazungumzo. Katika "Harmony Constant" stili inaanza mbali, kama mtu aliyeko chumba cha pili anayekusikia ukiongea, na inasogea hadi inakaa kando yako. Katika "Roll with the Flow" inacheka. Katika "The Upside of Good-Bye" inakaa kimya mahali ambapo mpigaji yeyote mwingine angejaza, na ukimya ule unamfanya Nesmith amalizie mstari kwa sauti ndogo kuliko aliyoanza nayo. Hii haiandikwi kwenye karatasi ya noti. Inatoka kwa watu waliopiga pamoja usiku mwingi na ambao mmoja akivuta pumzi mwingine anajua anataka kusema nini.

Na humo ndani kuna "Different Drum". Nesmith aliutunga kabla ya The Monkees. Ulirekodiwa kwanza na The Greenbriar Boys, kisha mwaka 1967 na The Stone Poneys, ambao mwimbaji wao alikuwa binti mdogo aitwaye Linda Ronstadt. Ukafika namba 13 na kumfungulia maisha. Baadaye baadhi ya wanamuziki waliompigia Ronstadt wakaunda The Eagles, na The Eagles wakaziuza santuri za kantri-roki kwa wingi ambao Nesmith hakuukaribia. Yeye anauimba wimbo wake hapa kwa mara ya kwanza kwenye albamu yake, miaka mitano baada ya wengine kutajirika nao. Toleo la Ronstadt lina kinanda cha hapsikodi na nyuzi za okestra na ni zuri sana. La Nesmith linakwenda polepole, na Rhodes anapiga kama mtu anayemwambia rafiki yake: sema tu, nakusikiliza. Ukilisikia hilo unagundua kwamba wimbo huu, ambao kila mtu anaujua kama wimbo wa kuachana kwa raha, una huzuni ya mtu asiyejua kukaa.

Siku niliyompelekea mjomba, hii ndiyo albamu niliyoiweka.

Ya sita, Pretty Much Your Standard Ranch Stash, ilitoka 1973 na bendi ikarudi, na Rhodes yumo. Humo Nesmith anaimba "Prairie Lullaby", wimbo mwingine uliowahi kuimbwa na Jimmie Rodgers. Basi sasa nieleze kwa nini jina hilo linanihusu.

Mama yangu na mjomba wangu walizaliwa upande wa Kericho, si mbali na Kapkatet. Jimmie Rodgers, aliyekufa kwa kifua kikuu mwaka 1933, hakufika Afrika, lakini santuri zake zilifika, na Wakipsigis walizisikia kwenye gramafoni. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka na mitambo ya kurekodi muziki wa Waafrika, alifika Kapkatet akawarekodi wasichana wakimwimba kiumbe aitwaye Chemirocha, nusu mtu nusu swala, wakimwalika aje kucheza nao. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, jina lake likiwa limepita kwenye ulimi wa Kikipsigis. Rekodi zile zilihifadhiwa Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey. Ilipita zaidi ya miaka 60 ndipo nakala zilipopelekwa Kapkatet na kusikilizwa hapohapo zilipotoka, na baadhi ya waliokuwepo siku ile walikuwa bado hai.

Ninapomsikia Nesmith, mtoto wa Texas, akimwimba Jimmie Rodgers mwaka 1970, namsikia mtu aliyerithi kitu ambacho bibi zangu nao walikirithi kwa njia yao. Naona hilo ndilo lililonisimamisha dukani nikiwa na vidole vilivyoganda. Sikuwa nimekutana na muziki wa kigeni.

Kuhusu matoleo mapya yenyewe nina shukrani kubwa na malalamiko mawili.

Kuweka albamu mbili kwenye CD moja kuliokoa fedha za mwanafunzi, na sitasahau. Lakini kunakosesha albamu mwisho wake. "Rene" inapokwisha taa zimezimwa zote. Nyumba inahitaji kukaa gizani kidogo. Kwenye CD, sekunde chache baadaye, unavamiwa na "Mama Rocker", wimbo wa kwanza wa Tantamount to Treason, magitaa yakiunguruma. Kila mara hukimbilia kitufe cha kusimamisha. Siku hizi, kwenye programu za kusikilizia muziki, hali ni ileile, kwa sababu mashine haivumilii kimya. Na And the Hits, albamu ya watu wawili, iliunganishwa na Ranch Stash yenye bendi nzima, hivi kwamba msikilizaji mgeni anaweza kudhani ile ya kwanza ilikuwa majaribio ya ile ya pili. Haikuwa hivyo. Ilikuwa kazi kamili.

Lalamiko la pili ni nyimbo za nyongeza. Najua wapenzi wanazitaka, nami nimezisikiliza zote. Lakini naomba wanaotoa santuri upya waziweke kwenye sahani yake, au angalau waache dakika nzima kabla ya kuzianzisha. Mtu aliyepanga nyimbo zake kumi alipanga pia pa kunyamaza.

Kilichonifurahisha kuliko yote ni kwamba Nesmith aliishi kuona nyimbo hizi zikipendwa. Januari 2018 alizipiga jukwaani California kwa bendi aliyoiita First National Band Redux, wanawe Christian na Jonathan wakiwa humo, na mojawapo ya maonyesho hayo lilikuwa Troubadour, klabu ileile alikoongoza usiku wa chipukizi zaidi ya miaka 50 kabla. Lilirekodiwa na kutolewa kama albamu. Sauti yake imezeeka, haipandi tena kirahisi kwenye jina la Joanne, na watu wanaimba naye. Wanajua kila neno. Mwaka huo huo moyo ulimsumbua akapasuliwa, na bado miezi michache baadaye alirudi barabarani na nyimbo hizihizi. Onyesho lake la mwisho, na Micky Dolenz, lilifanyika Los Angeles Novemba 2021, chini ya mwezi mmoja kabla ya kifo chake.

Rhodes hakuyaona hayo. Mpigaji mwingine alikaa mahali pake.

Desemba ile nilimpigia mjomba simu. Haendeshi tena, macho yamechoka, lakini redio yake haijanyamaza tangu nimjue. Nikamwambia yule Mmarekani wa albamu ile amefariki.

"Pole," akasema, kana kwamba nimefiwa na mtu wa nyumbani. Halafu akauliza, "Na yule mwingine?"

"Huyo alitangulia, mjomba. Tangu 1995."

Akakaa kimya kidogo. Kisha akaniambia, mpwa, hebu weka ile ya kufunga duka.

Nikaitafuta "Rene", nikaisogeza simu karibu na spika. Kabla sijabonyeza, nilimsikia mjomba upande wa pili akiinuka kutoka kwenye kiti, akitembea polepole, akizima redio yake.